Mapambo ya sikukuu forodhani: picha ya Krismasi pekee haitoshi

Ukiandika kwenye ankara "mapambo ya Krismasi, katoni 450", umejitafutia ukaguzi. Ofisa wa forodha hawezi kuainisha neno "mapambo". Anataka kujua kitu chenyewe ni nini, kimetengenezwa kwa malighafi gani na kina kazi gani. Asipoelezwa atafungua katoni, na siku zote kontena linapokaa bandarini gharama ni zako.

Waagizaji wengi hukimbilia kifungu 9505 kwa kila chenye rangi nyekundu na kijani. Kifungu hicho kimo katika Sura ya 95 ya HS, mfumo wa namba za kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. 9505.10 ni vitu vya sherehe za Krismasi, 9505.90 ni vya sikukuu nyingine, kanivali na burudani, pamoja na barakoa na pua za bandia. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia mfumo huu, lakini kuanzia ya 7 kila nchi hujipangia. Kwa hiyo usinakili namba nzima aliyokuandikia muuzaji wa nje.

Swali la kwanza ni hili: je, kitu hiki kina matumizi mengine mbali na kupamba? Kama yapo, maelezo ya Sura ya 95 yanakitoa humo, na kitaainishwa kwa malighafi yake. Kikombe cha kauri chenye sura ya Baba Krismasi ni kikombe: 6911 kikiwa cha porseleni, 6912 kikiwa cha kauri nyingine. Kitambaa cha meza kilichochapwa kulungu na theluji ni 6302. Sahani za plastiki ni 3924, leso za mezani za karatasi ni 4818, mto wa kochi ni 9404. Mishumaa ni 3406 hata ikiwa na umbo la mti wa Krismasi. Utepe wa kitambaa uliofumwa, ulio kwenye roli, ni 5806. Stendi ya mti nayo haimo 9505 ikiletwa peke yake, jambo linalowashangaza wengi.

Vinavyobaki 9505.10 bila ubishi ni miti ya bandia, mipira na nyota za kuning'iniza mtini, mapambo ya hori la Betlehemu na sanamu zake, malaika, na soksi za Krismasi. Mti uliofungwa vipandevipande bado ni mti. Kanuni ya 2(a), mojawapo ya kanuni za HS za kuainisha bidhaa, inahesabu kitu ambacho hakijaunganishwa kama kilichokamilika. Mti wa asili uliokatwa ni mmea, unakwenda 0604.

Taa ndizo zinazoleta hasara. Taa za kamba za mti wa Krismasi zimetolewa kwenye Sura ya 95 kwa maneno yasiyo na utata, ziwe za umeme wa ukutani au za betri. Ziko 9405. Tangu toleo la HS la 2022, zilizoundwa kutumia LED pekee ni 9405.31 na nyingine ni 9405.39. Ukiona 9405.30 kwenye karatasi za muuzaji, jua bado anatumia toleo la zamani. Balbu za akiba zilizomo ndani ya pakiti ya taa huenda pamoja na taa. Zikiletwa katoni zima peke yake ni 8539. Zaidi ya ushuru, nchi nyingi hudai cheti cha usalama kwa vifaa vya umeme, kwa hiyo taa zilizofichwa chini ya jina "mapambo" zinaweza kukwama hata kama tofauti ya ushuru ni ndogo.

Sasa chukua boksi moja la rejareja: mti wa mita 1.8, mipira 24, nyota moja na taa 100 za LED. Hapa inaingia kanuni ya 3(b). Boksi litahesabiwa kuwa seti iwapo lina vitu vya vifungu tofauti angalau viwili, vyote ni kwa haja moja, na limefungwa tayari kwa mnunuzi wa mwisho bila kufungashwa upya. Likitimiza hayo, linafuata kitu kinachobeba sifa yake ya msingi, ambacho hapa ni mti. Lakini taa zilezile zikiwa katoni lao ndani ya kontena hilohilo, si seti tena. Ziandikie mstari wake.

Mashada ya mlangoni yanahitaji jicho la karibu. Shada la majani ya plastiki matupu ni 6702.10, pamoja na maua ya bandia. Likiwa limefungwa vitu vya Krismasi waziwazi, hoja ya 9505.10 inapata nguvu. Kulungu wa waya anayewaka taa ndani ni ubishi mtupu: ni pambo au ni taa? Kwa kitu cha aina hiyo usibahatishe. Omba uamuzi wa awali kwa mamlaka ya forodha kabla ya kuagiza, ukiambatanisha picha, vipimo, malighafi na sampuli ikiwezekana. Uombe miezi kadhaa kabla ya msimu, si meli ikiwa tayari baharini.

Mwombe muuzaji ankara yenye mstari kwa kila bidhaa, na maneno kama haya: "Mipira ya plastiki ya kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi, kipenyo sm 6, haina taa, vipande 24 kwa boksi, maboksi 1,200." Orodha ya vifungashio itaje namba za katoni za kila mstari. Hapo ofisa akitaka kuona taa, atafungua katoni namba 301 hadi 340, na hatakuwa na sababu ya kupasua zilizobaki.