Maswali ya Wasomaji: Nani Anaweza Kumng'oa Bingwa wa Chesi Asiyeng'oka?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mi chesi naifuatilia mtandaoni tu ila kuna kitu kinanisumbua. Magnus Carlsen wa Norway alichukua taji la dunia 2013 kwa Anand wa India akakaa nalo miaka yote ile mpaka akaliachia mwenyewe, hakuna aliyemtoa. Sasa akitokea bingwa mwingine wa aina hiyo tunajuaje nani ndo mpinzani wake wa kweli? Rafiki yangu anasema angalia namba mbili kwenye reitingi (zile pointi za kupima nguvu ya mchezaji), huyo ndo huyo, stori imeisha.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Rafiki yako kama anabeti mwambie apunguze dau. Namba mbili wa kweli kabisa alikuwa Caruana wa Marekani, aliyecheza na Carlsen mechi ya taji London 2018, reitingi yake 2832 na ya Carlsen 2835, yaani pengo la pointi tatu tu. Wakacheza gemu 12 zote sare, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwenye mechi ya taji, halafu wakaingia gemu za kasi, zile za muda mfupi za kuvunja sare, Carlsen akachukua tatu kwa sifuri, kwisha.

Sasa mlinganishe na Karjakin wa Urusi, aliyempinga Carlsen New York 2016. Huyu hakuwa hata kwenye tano bora na watu walishamzika kabla hajakaa kwenye kiti, lakini gemu ya nane akashinda akawa anaongoza na zimebaki nne tu! Carlsen alisawazisha ya kumi, akaponea kwenye gemu za kasi. Kwangu mimi Karjakin ndo aliyemtoa jasho kuliko wote, na wala hakuwa na maajabu yoyote mezani, yeye alikuwa anakataa kufa tu, anawekwa pabaya anakaa anazuia, masaa yanakwenda, anazuia tena, mpaka bingwa anachoka kusubiri anaanza kulazimisha ushindi ambao haupo, na ile gemu ya nane ilipotea hivyohivyo.

SWALI: Basi kama reitingi haisemi kitu si tuangalie nani huwa anamfunga bingwa wakikutana kwenye mashindano ya kawaida?

JIBU: Hapo ndo patamu, maana rekodi ya ana kwa ana inadanganya kuliko hata reitingi. Nepomniachtchi wa Urusi alikwenda Dubai 2021 kugombea taji akiwa amemfunga Carlsen kwenye gemu ndefu mara nyingi kuliko alivyofungwa, wengi tukasema safari hii kuna kazi. Wakatoka sare gemu tano, ya sita ikaenda hatua 136, zaidi ya masaa saba, Carlsen akashinda, na baada ya hapo Nepo hakuwa Nepo tena, akawa anaangusha kete za bure bure ambazo hata sisi wa mitaani tungeziona. Ikaisha 7.5 kwa 3.5 (ushindi ni pointi moja, sare nusu).

Geuza upande wa pili uone. Capablanca, bingwa wa zamani, kuanzia 1916 mpaka 1924 hakupoteza hata gemu moja, na Alekhine hakuwahi kumfunga hata mara moja kabla ya kukutana Buenos Aires 1927. Zikachezwa gemu 34, Alekhine kashinda sita, Capablanca tatu, zilizobaki sare, taji likahama. Fischer naye kabla ya Reykjavik 1972 alikuwa amepoteza tatu na sare mbili kwa bingwa Spassky, ushindi sifuri, na kwenye mechi yenyewe akapoteza gemu ya kwanza na ya pili hakutokea kabisa ukumbini, bado akamaliza 12.5 kwa 8.5. Ungeuliza takwimu zingekwambia usisumbuke hata kuangalia.

Na kuna Kramnik, ambaye mi ndo mfano ninaoupenda zaidi. Kasparov alikaa kileleni tangu 1985, miaka 15, na Kramnik alikuwa kwenye timu iliyomwandaa Kasparov kucheza na Anand 1995, kwa hiyo jikoni alishaingia na mapishi anayajua. Kibaya zaidi 1998 Kramnik alifungwa na Shirov kwenye mechi ya kutafuta mpinzani, lakini pesa za mechi ya Shirov na Kasparov hazikupatikana, basi 2000 akaitwa Kramnik (Shirov mpaka kesho ana haki ya kulalamika jamani). London, Kramnik akiwa na kete nyeusi akaleta ulinzi wa Berlin, mtindo wa kufungua gemu ambao unaondoa malkia wote wawili mapema. Kasparov anapenda moto, mashambulizi, kete zinaruka, sasa malkia hakuna, moto atauwasha na nini? Gemu 15 hakushinda hata moja, Kramnik alishinda mbili tu na zikatosha. Kwa hiyo mi huwa nauliza hivi, nani anaweza kumnyima bingwa aina ya gemu anayoipenda kwa wiki tatu mfululizo? Huyo hata awe namba tisa mi namwogopa.

SWALI: Gukesh, yule kijana wa India, si alimpiga Carlsen Norway mpaka jamaa akagonga meza? Kwa nini hamsemi enzi ya Carlsen imeisha?

JIBU: Alimpiga kweli, Juni 2025, Stavanger, na ile meza iliumia. Lakini ile gemu Carlsen alikuwa juu karibu muda wote, na mashindano yenyewe akayabeba yeye. Gemu moja ni gemu moja. Ila usimdharau kijana, Desemba 2024 Singapore alimtoa Ding Liren, aliyekuwa bingwa, gemu ya 14, ya mwisho kabisa, akawa bingwa wa dunia ana miaka 18.

SWALI: Bingwa anajichagulia mpinzani?

JIBU: Zamani ndio, bingwa alikuwa anataka umletee mzigo kwanza, Capablanca aliweka masharti ya dola 10,000. Siku hizi wanakusanywa wachezaji wanane kwenye mashindano ya Wagombea, kila mmoja anacheza na mwenzake mara mbili, raundi 14, wa kwanza ndo anakwenda kwa bingwa na wa pili anarudi nyumbani.

SWALI: Acha kuzunguka mkuu, taja jina moja la kijana wa kumtisha bingwa yeyote.

JIBU: Haya, Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan, kazaliwa 2004. Najua wengi mngetaka niseme Firouzja kwa sababu alivuka 2800 akiwa na miaka 18, au Praggnanandhaa aliyefika fainali ya Kombe la Dunia 2023, na wote wakali sikatai. Lakini Abdusattorov alichukua ubingwa wa dunia wa gemu za kasi 2021 ana miaka 17 na njiani alimfunga Carlsen, mwaka uliofuata akaongoza timu yao ya taifa kuchukua dhahabu ya Olimpiadi ya chesi, na kinachonivutia zaidi ni kwamba akiwekwa pabaya hapapatiki, anakaa kimya anatafuta hatua. Shida yake ni mlango, maana Wagombea wa Toronto 2024 hakuwepo kabisa, na ukikosa nafasi kwenye wale wanane unabaki kuangalia kwenye simu kama mimi na wewe.