Laptopu mbili za gemu, maelezo yale yale, bei tofauti: nichukue ipi?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mbunifu wa matangazo, niko Wete. Kazi yangu ni mabango na kadi za harusi, na siku hizi wenye nyumba za wageni wananitaka niwachoree vyumba kwa Blender, programu ya kuchora 3D. Nimeona laptopu mbili za gemu Darajani. Zote zimeandikwa prosesa i7, kadi ya picha RTX 4060, RAM 16, SSD 512, lakini moja inaizidi mwenzake laki nne. Muuzaji anasema tofauti ni jina la kampuni tu. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Muuzaji amekusomea karatasi ya dukani, na karatasi ile huacha mambo mawili ambayo kwako ndiyo ya kulipia: kioo na wati.

Anza na kioo. Laptopu za gemu za bei ya kati, kama HP Victus, Lenovo LOQ na ASUS TUF, hutoka kiwandani na vioo vya aina zaidi ya moja chini ya jina lile lile. Cha chini huandikwa 45% NTSC, maana yake kinaonesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi za vioo. Kizuri huandikwa 100% sRGB. Mcheza gemu hajali sana, yeye anatafuta 144Hz (kioo kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde), ambazo kwenye kadi ya harusi hazikusaidii chochote. Wewe utaumia. Nyekundu unaiona imepauka, unaikoleza, unaikoleza tena, halafu bango linarudi kutoka kwa mchapaji likiwa kali kuliko alivyotaka mteja, na gharama ya kuchapa upya ni yako.

Kwa hiyo nenda na flashi yenye kazi yako na nakala yake iliyochapwa vizuri. Omba laptopu zote mbili ziwekwe pamoja, mwangaza juu kabisa, fungua faili lile lile, kisha shika karatasi pembeni ya kioo. Jicho lako la kazi litakwambia kabla muuzaji hajamaliza sifa. Soma pia namba kamili ya modeli kwenye kibandiko cha chini, uitafute kwenye tovuti ya kampuni. “Victus” peke yake haikwambii kitu.

Sasa wati. RTX 4060 ya laptopu haina nguvu moja kila mahali. NVIDIA, kampuni ya kadi hiyo, inawaachia watengenezaji wa laptopu waipe umeme kuanzia wati 35 hadi 115, kwa hiyo mashine nyembamba na mashine nene zinaweza kubeba jina hilohilo na zikaachana mbali. Kwenye Photoshop hutagundua. Kwenye Blender utagundua: chumba kile kile, hii imeshamaliza kurenda (kugeuza mchoro kuwa picha kamili), ile feni bado zinavuma. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, usome mstari wa Maximum Graphics Power. Inachukua dakika moja, na anayekukatalia dakika hiyo muachie laptopu yake.

Prosesa nayo ina yake: i7-13620H ina viini 10, i7-13700H ina 14, na zote mbili zitaitwa i7. Kwa kazi zako lisikukoseshe usingizi. RAM iangalie kwenye Task Manager. Ukikuta kijiti kimoja kwenye nafasi mbili ni heri, baadaye unaongeza cha pili ufikie 32. Herufi za Kiarabu kwenye kibodi zisikutishe, ni mzigo wa Dubai huo. Kitu cha kuuliza ni dhamana inatambulika wapi.

Na huko kwetu umeme ukikatika, laptopu hizi hushusha nguvu ya kadi ya picha mara tu zinapobaki kwenye betri. Chaja zake nyingi ni za wati 200 hadi 230, kwa hiyo inverta ndogo ya sola ya nyumbani inaweza isihimili. Kurenda kupange wakati umeme upo, na usiiweke kitandani ikaziba matundu ya hewa.

Ikiwa ya bei kubwa ndiyo yenye 100% sRGB, na wati zake hazipungui za mwenzake, lipa hizo laki nne. Ikiwa zote ni 45%, na wewe unafanya kazi mezani pako tu, chukua ya bei ndogo na pesa iliyobaki utafute monita ya IPS (kioo kisichobadili rangi ukikitazama pembeni) yenye sRGB kamili. Kama unatembea nayo hadi kwa wateja, ziache zote mbili. Bora laptopu ya RTX 4050, kadi ya chini yake, yenye kioo kizuri: kadi hiyo ina GB 6 za kumbukumbu yake badala ya 8 za RTX 4060, na kwa chumba kimoja cha wageni zinatosha usipopakia picha kubwa kupita kiasi za kuta na vitambaa. Yoyote utakayochukua, namba kamili ya modeli iandikwe kwenye risiti kabla hujapanda boti.