Shangazi, simu bado inaita

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, na wiki tatu zilizopita nilikula uyoga wa saikedeliki, ule unaobadili fahamu, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wanne. Rafiki yangu ndiye aliyeuleta, umeshakaushwa, akatugawia viganjani bila kupima. Wote tulikula, hakuna aliyebaki mzima wa kutuangalia. Baada ya kama dakika arobaini sikuona kitu, nikaongeza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Pazia lilikuwa linapumua, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikasikia simu inaita. Nikaitafuta yangu, nikakuta imezimwa. Wenzangu hawakusikia chochote. Iliita, Shangazi, iliita kwa masaa, na nikajua anayepiga ni kaka yangu.

Kaka alifariki mwaka juzi. Alikuwa abiria, gari lililokuwa likija likahamia upande wao. Usiku ule alinipigia mara mbili na sikupokea, nilikuwa nimemkasirikia. Aliacha ujumbe wa sauti ambao mpaka leo sijausikiliza. Basi katika ule uyoga nilionyeshwa kwamba mimi ndiye niliyemuua. Si kwa maneno, nilijua tu, kama mtu anavyojua jina lake. Nilijifungia chumbani nikalia nikiomba wanizike. Wenzangu walikuwa wanacheka chumba cha pili.

Tangu hapo usingizi ni wa kuokoteza. Nikigeuza macho haraka, taa inaacha mkia. Rafiki yangu anasema safari yangu, yaani ule ulevi wa uyoga, haikuisha, kwamba uyoga ulikuwa unanifundisha nami nikalikataa somo, na dawa ni kula tena, mara mbili ya pale, ili nimalize. Na mimi najiandaa kumwambia mama kwamba nimegundua nilimuua mwanawe. Je, akili yangu imeharibika? Na je, ni kweli uyoga hufundisha?

Asiyelala

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti. Nianze na lisilosubiri: usile tena. Si mara mbili ya pale, wala nusu yake. Na mama usimwambie bado, tutafika huko.

Wanaofuata ukurasa huu wanajua nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka 26. Wasilolijua ni kwamba kabla sijamaliza mwaka wa pili kazini, nilikula uyoga wa aina hiyo. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa zamu, na yeye hakula. Saa ya pili ilinikuta sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae. Kigae kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ule ufa ukawa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga. Nikajua nitabaki pale milele. Halafu nikajua jambo la pili: wagonjwa wote wodini wameshanigundua kuwa mimi si muuguzi wa kweli, wananivumilia kwa huruma tu. Nikaomba karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa: ACHA KAZI. WANAJUA. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Kwenye ile J kalamu ilitoboa.

Mwenzangu hakuniambia nitulie. Alikaa chini kando yangu, akanishika kisigino cha mguu wa kulia, akasema: "Huu ni mguu wako. Nimeushika. Ni saa nne na robo." Akanyamaza. Baadaye akarudia maneno yale yale, saa tu ndiyo iliyobadilika. Nne na nusu. Tano kasorobo. Nilikuwa nimepotewa na wakati kabisa, naye akawa ananigawia kidogo kidogo.

Nakueleza haya kwa sababu swali lako kubwa ni lile neno "nilijua". Kemikali iliyomo kwenye uyoga ule huitwa silosaibini; mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, ndiye aliyeitenga na kuipa jina mwaka 1958. Ikifika mwilini hugeuka kuwa silosini, nayo hushika vipokezi vya serotonini, kemikali ya mwili inayohusika na hisia, kwenye ubongo. Kwa kawaida huanza kujionyesha kati ya dakika 20 na saa moja, na huisha baada ya saa 4 hadi 6. Kwa hiyo ulipoongeza dakika ya arobaini, ule wa kwanza ulikuwa bado njiani, ukaukuta mzigo wa pili nyuma yake. Hofu yako haikutokana na udhaifu wa moyo.

Lakini kemikali hii ina jambo moja ambalo watu hawaambiwi mapema. Pamoja na kubadili unachokiona, hubandika muhuri wa "hakika" juu ya chochote kilicho mbele yako wakati huo. Mmoja hubandikiwa juu ya upendo, akaamka anasema amewapenda viumbe wote. Mwingine hubandikiwa juu ya jeraha lake bichi kuliko yote. Muhuri ni ule ule. Mimi ulinipigia kwenye karatasi yangu, nikajua kwa hakika kwamba wagonjwa wanajua. Nilipouliza baadaye, kwa upole, mwaka mzima, hapakuwa na aliyejua kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kujua. Nilikuwa muuguzi mgeni mwenye woga, basi. Woga ulikuwa wa kweli. Hukumu haikuwa ya kweli.

Sasa tuchukue hukumu yako tuitazame mchana. Kaka yako alikuwa abiria. Gari la mtu mwingine ndilo lililohama njia. Ungepokea simu, lile gari lisingejua kwamba umepokea. Ulimkasirikia ndugu yako usiku mmoja, jambo ambalo kila mwenye ndugu amelifanya, na usiku huo ukageuka wa mwisho bila ninyi wawili kuarifiwa. Hayo ndiyo yaliyotokea. Uchungu uliousikia mle chumbani ni wako, una haki zote, na nadhani ulikuwa unangoja mlangoni tangu mwaka juzi. Lakini "nilimuua" haliko kwenye habari uliyonipa. Ulilitia wewe kwa hofu, na uyoga ukalipigia muhuri.

Kuhusu akili yako. Kukosa usingizi na kuona mikia ya taa baada ya uyoga hutokea, na kwa wengi hufifia yenyewe kadiri siku zinavyopita. Kwa wachache hubaki, kwa hiyo nenda kwa daktari na umtajie ulichokula, siku, na kwamba uliongeza. Usione haya. Nimepokea wagonjwa waliotudanganya kwa aibu, tukapoteza saa nzima tukitafuta ugonjwa usiokuwepo. Mwambie pia kama kuna magonjwa ya akili kama skizofrenia au baipola kwenye ukoo wenu, na dawa zozote unazotumia, hasa lithiamu, dawa ya kutuliza mihemko, ambayo ikikutana na uyoga huu huweza kuleta degedege. Bangi iweke mbali kabisa kipindi hiki, inaweza kuichochea ile mikia. Na nakuuliza waziwazi, kama ningekuwa nimeketi mbele yako: yale maneno ya kutaka kuzikwa, bado yanakujia ukiwa mzima? Yakija, au ukisikia simu ile bila kuwa umekula kitu, au ukipitisha siku mbili tatu bila kulala na mwili hauchoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usiende peke yako.

Rafiki yako sidhani ana nia mbaya. Anarudia alilolisikia. Na wapo watafiti wanaoupima uyoga huu kama tiba, hilo ni kweli. Ila tazama wanavyofanya. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, walichukua watu 36 wenye afya, wakawachuja, wakawaandaa kwa mazungumzo ya saa kadhaa, wakawakalisha chumba kizuri na mtu wa kuwaangalia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo karibu thuluthi yao walipatwa na hofu kali. Wewe ulipewa kiganja kisichopimwa. Wala hukujua ni uyoga gani: upo unaofanana nao, wa jenasi ya Galerina, wenye sumu inayoua ini, na dalili zake huchelewa kwa masaa mengi mpaka mtu anadhani amesalimika. Halafu kuna sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka silosaibini kwenye kundi la dawa zinazobanwa zaidi, na katika nchi nyingi kukutwa nao ni kosa la jinai.

Je, unafundisha? Watafiti wa chuo hicho hicho waliwahi kuwauliza watu 1,993 waliopatwa na safari ngumu ya uyoga, wakachapisha majibu mwaka 2016. Asilimia 84 walisema mwishowe walifaidika nayo. Watu hupenda kuishia kwenye namba hiyo. Mimi nasoma na zilizobaki: kama asilimia 11 walijiweka wao au wengine kwenye hatari ya kuumia, na kati ya wale ambao mwaka ulikuwa umepita tangu safari yao, asilimia 7.6 walitafuta matibabu kwa dalili zilizokataa kuondoka. Mwalimu wa namna hiyo singempelekea mtoto wangu kwa kumsukuma.

Wamazateki wa milima ya Oaxaca, Meksiko, wanaujua uyoga huu kuliko sisi sote. Mwaka 1955 Mmarekani Gordon Wasson alihudhuria kesha la mganga wao María Sabina, akaitangazia dunia. Kwa desturi yao kesha kama hilo lilifanywa usiku kwa ajili ya mgonjwa, na mganga aliimba akiwa na watu wake mpaka lilipokwisha. Nikisoma barua yako, hapo ndipo panaponiuma. Wewe ulikuwa unalia peke yako, wenzako wanacheka chumba cha pili.

Kwa upande wangu, somo lilikuja wiki nyingi baadaye, nikiwa kazini. Kabla ya usiku ule, mgonjwa akipiga kelele kwa hofu nilisimama mlangoni nikamwambia, "Tulia, hakuna kitu." Siku moja nikajikuta nimekaa sakafuni kando ya kijana aliyejikunja chini ya kitanda, namwambia, "Mimi niko hapa. Ni saa tisa na dakika kumi." Akanitazama. Nikarudia saa tisa na robo. Saa tisa na nusu alitoa mkono. Hayo hayakuwa kwenye karatasi yangu. Aliyenifundisha ni yule aliyenishika kisigino.

Kwa hiyo usiende kumaliza safari. Tafuta wa kukaa naye. Mshauri wa waliofiwa, au daktari atakayekuelekeza kwake, au mtu mzima wa familia mwenye kifua. Andika ulichokiona, chote, kisha ukunje uweke mbali miezi kadhaa kabla hujafanya uamuzi wowote kwa sababu yake. Ukishapata kulala, nenda kwa mama. Mwambie, "Alinipigia usiku ule, sikupokea, na linanila." Hilo ni kweli, na mama anaweza kulibeba pamoja nawe, huenda naye ana la kwake ambalo hajamwambia mtu. Lile la kuua usimpelekee, lingemfisha mtoto wa pili.

Na ule ujumbe wa sauti, mwanangu. Hulazimiki kuusikiliza mwaka huu wala mwaka ujao. Siku ukiamua, iwe mchana, na pawe na mtu amekaa karibu nawe, ambaye unaweza kumpa simu aishike.