Kompyuta kusoma hisia usoni: niliwahi kuifanya kazi hiyo kwa macho yangu, naomba nieleze

Mkuu swali lako ni zuri na nimeona majibu mengi yamekuwa ya upande mmoja, wengine wanasema sayansi imeshathibitisha, wengine wanasema utapeli mtupu. Mi naomba nijibu kwa urefu manake hii kitu nimeishi nayo. Kwa walioingia sasa hivi, mleta mada amesema kazini kwao wanataka kuanza kufanya usaili kwa video, afu kuna programu inaangalia uso wa mwombaji na kumpa maksi, huyu ana furaha, huyu ana wasiwasi, huyu ana hasira anaificha, na yeye ameambiwa aandike maoni kama waichukue au waiache.

Nlikuwa msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya chuo, karibu miaka miwili na nusu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma nyuso. Sio kwa kukisia. Unakaa na video ya mtu anaangalia filamu fupi au anaongea na mwenzake, unaisogeza fremu kwa fremu, unaandika msuli gani umecheza, umeanza wapi, umeishia wapi, kwa nguvu kiasi gani. Mfumo tuliotumia unaitwa FACS, waliutoa wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen mwaka 1978, na humo kila msogeo wa uso una namba yake, nyusi zikishuka na kusogeleana hiyo ni 4, mashavu yakipanda na macho yakabana ni 6, pembe za mdomo zikivutwa juu ni 12. Dakika moja ya video inaweza kukula saa nzima na zaidi, na kabla hujagusa data yoyote unasoma wiki nyingi afu unafanya mtihani, ukifeli unarudi kusoma.

Sasa kitu ambacho naomba ukishike kabla ya vyote, FACS yenyewe haisemi hisia. Inasema msuli basi. Kutoka "namba 4 imecheza" mpaka "mtu huyu ana hasira" ni safari nyingine kabisa, na ugomvi wote wa wanasayansi uko kwenye hiyo safari ya pili. Programu unayoletewa inafanya vyote viwili kwa mpigo, na sehemu ya kwanza, ya kuona misuli, kompyuta za siku hizi zinaiweza vizuri kweli kama mwanga upo na mtu kakaa vizuri mbele ya kamera. Ndo maana maonyesho ya muuzaji yanapendeza. Lakini angalia kwa makini, mara nyingi ushahidi anaokuonyesha ni wa kuona msuli, halafu anautumia kukuuzia kuona moyo.

Hii imani kwamba uso ni dirisha ina historia ndefu. Daktari Mfaransa Duchenne mwaka 1862 alitoa picha za watu aliokuwa anawagusa usoni kwa umeme ili misuli ijikunje, mmojawapo mzee ambaye ngozi ya uso wake ilikuwa haina hisi ya kuguswa kwa hiyo haumii. Darwin akazichukua hizo picha akawaonyesha watu zaidi ya 20 bila kuwaambia neno, akataka waseme wanaona hisia gani, kisha akaandika kwenye kitabu chake cha 1872 kwamba kwa baadhi ya picha walikubaliana karibu wote na kwa nyingine kila mtu alisema lake. Na akaongeza kitu ambacho mi kila nikikisoma nasimama, kwamba yeye mwenyewe alipoziangalia mara ya kwanza huku anasoma maelezo ya Duchenne aliziona ni za kweli ajabu, lakini kama asingekuwa na maelezo baadhi zingemchanganya kama zilivyowachanganya wengine. Yaani jibu lilikuwa linatoka kwenye maandishi ya pembeni, jicho linadhani limeliona usoni. Hiyo 1872!

Miaka karibu 100 baadaye Ekman akaenda Papua New Guinea kwa Wafore, watu ambao wakati huo walikuwa hawajazoea picha na filamu za nje, anawasimulia kisa kifupi, mfano mtu mtoto wake amefariki, afu anawawekea picha tatu wachague uso unaofaa. Walichagua kwa kiwango kizuri kuliko kubahatisha, matokeo yakatoka 1971, na hapo ndo ikasimama ile orodha ya hisia sita, furaha, huzuni, hasira, woga, kinyaa na mshangao. Karibu kila programu ya kusoma hisia imejengwa juu ya orodha hiyo au ndugu zake. Simdharau Ekman hata kidogo, mfumo wake wa misuli ndo ulionifundisha kazi na mpaka leo sijaona kingine cha kuuzidi kwa umakini. Ila swali alilouliza lilikuwa jepesi kuliko jibu tulilolichukua. Ukimpa mtu kisa na picha tatu tu, hata asiyeijua hisia yenyewe anaweza kufika kwa kuondoa zisizofaa. Ukimwachia aseme kwa maneno yake mwenyewe, makubaliano yanashuka. Watafiti wakina Maria Gendron walienda kwa Wahimba Namibia wakawapa picha za nyuso wazipange kwenye mafungu wanavyoona wenyewe bila kupewa majina ya hisia, mafungu hayakutoka kama orodha ya sita. Carlos Crivelli na wenzake wakaenda visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, na ule uso wa macho kodo na mdomo wazi ambao sisi tumezoea kuuita woga, vijana wa kule wakausoma kama uso wa mtu anayetishia. Hiyo ilitoka 2016. Mtu mmoja anaogopa, mwingine anataka kukupiga, uso uleule!

Nirudi maabara. Tulikuwa na utafiti ambao mshiriki anakaa peke yake chumbani anaangalia vipande vya filamu, akimaliza kila kimoja anaandika mwenyewe alijisikiaje, na sisi tunaosoma nyuso tulikuwa haturuhusiwi kuona walichoandika mpaka tumalize kazi yetu, ili kisitushawishi. Kuna dada mmoja sitamsahau. Dakika saba nzima namba 4 haijashuka, midomo imebanwa, macho yamekaza, kila fremu naandika na kila fremu moyoni nasema huyu anachukia kweli anachokiona. Mi nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilimwambia mwenzangu wa meza ya pili aje aone mfano wa hasira iliyokamilika. Data zilipofunguliwa nikatafuta karatasi yake kwanza. Kaandika kwamba sauti ilikuwa chini na alikuwa anajitahidi kusikia, filamu ameipenda.

Mwalimu aliyekuwa anatusimamia hakushangaa. Alituambia misuli mliyoandika ni sahihi yote, hakuna kosa hata moja, kosa lilianza pale mlipoipa jina. Na kweli ukiangalia mapitio makubwa ya 2019 ambayo Lisa Feldman Barrett, mwanasaikolojia anayepinga kwamba kila hisia ina uso wake, na wenzake wanne waliyafanya, tena wanne hao hawakuwa wote wa mtazamo wake, walipitia machapisho zaidi ya 1,000 na wakakuta watu wazima wakiwa na hasira wanakunja uso ule wa "hasira" chini ya asilimia 30 ya nyakati. Maana yake ni kwamba zaidi ya mara saba kati ya kumi mtu ana hasira na uso unafanya kitu kingine, analia, anacheka, katulia tuli. Na upande wa pili ni mbaya vilevile, watu wanakunja uso wakiwa hawana hasira, wanafikiri, jua linawachoma machoni, tumbo linauma, sauti ya video iko chini. Sasa mwombaji wa kazi kwenye usaili si ndo mtu anayefikiri kwa nguvu kuliko siku zote?

Jingine linalosahaulika ni kwamba uso unaongea na watu, hauko kama kipimajoto. Mwaka 1979 watafiti Kraut na Johnston waliangalia wachezaji wa bowling, wale wanaorusha tufe kuangusha vile vigingi, na wakaona mtu akiangusha vizuri hatabasamu sana akiwa bado kaviangalia vigingi, anatabasamu akigeuka kwa wenzake. Furaha ilishakuwepo kabla hajageuka, tabasamu likawa linasubiri watu. Wengine wakaangalia washindi wa dhahabu Olimpiki ya Barcelona 1992 wakakuta kitu kilekile, wanatabasamu hasa pale wanapokutana macho na watu, nyakati nyingine jukwaani nyuso zina kila aina ya sura ingawa hakuna anayetilia shaka kwamba wamefurahi. Na Aviezer na wenzake 2012 walichukua picha za wacheza tenisi waliobobea, sekunde ile mtu kashinda pointi kubwa au kaipoteza, wakakata uso peke yake wakauliza watu huyu kashinda au kashindwa, watu hawakuweza kutofautisha. Wakaweka mwili bila uso, watu wakaweza. Sasa chukua mwombaji wako umkalishe peke yake mbele ya kamera, hakuna anayemtabasamia, hakuna anayetikisa kichwa, mwili umekatwa kuanzia kifuani, afu useme uso wake ndo ukweli wake.

Kuna mtu hapo juu kasema programu itasaidia kukamata waongo. Ndugu yangu hapo nakuomba sana usipite huko. Watafiti Bond na DePaulo mwaka 2006 walijumlisha tafiti zenye waamuzi zaidi ya 24,000 na wastani wa binadamu kutambua uongo ukawa asilimia 54, yaani sarafu ingekupa 50. Marekani waliwahi kuweka maofisa viwanja vya ndege wa kusoma dalili za tabia za abiria, fedha zilizokwenda kuanzia 2007 zilikaribia dola milioni 900, na 2013 wakaguzi wa serikali yao wakaandika wazi kwamba ushahidi hauonyeshi kama njia hiyo inafanya kazi wakashauri bajeti yake ibanwe.

Naomba nieleze na la nyumbani manake ndo lilonifanya nisinyamaze kwenye uzi huu. Mdogo wangu wa kike alikuja kukaa na mimi baada ya kupoteza kazi. Kila jioni narudi namkuta anatabasamu, na mimi kwa mazoea ya kazini naangalia, 12 ipo, 6 ipo, macho yamebana, hilo ndo tabasamu ambalo tulifundishwa kwamba ni la kweli, na mi nikawa naenda kulala na amani kwamba mtoto yuko sawa. Ikaenda hivyo wiki nyingi. Siku moja tumekaa tu nikamuuliza bila sababu, unalala? Akanyamaza, kisha akasema hajalala usiku mzima tangu aje. Tabasamu halikuwa la uongo, ndo kitu nilichokuja kuelewa baadaye, alikuwa kweli anafurahi nikiingia mlangoni, na alikuwa kweli anazama. Vyote viwili. Mimi nilikuwa na data nzuri ya sekunde zile za mlangoni na nikaifanya iwe jibu la maisha yake yote. Wanasaikolojia wakina James Gross walishaonyesha tangu miaka ya 90 kwamba mtu akiambiwa afiche hisia zake uso unaweza kutulia kabisa huku ndani mwili unahangaika zaidi, viganja vinatoa jasho, mishipa ya damu inabana. Nilikuwa nimesoma hizo tafiti. Nilikuwa nazo mezani kabisa.

Kwa hiyo maoni yako kazini, mi ningeyaandika hivi. Msiikatae kwa hoja kwamba "hisia hazipimiki", hiyo sio kweli, hisia zinapimwa kila siku ila kwa vipimo vingi kwa pamoja, mwili, maneno ya mtu mwenyewe, mazingira, na kumrudia mtu yuleyule mara nyingi. Ikataeni kwa sababu inatoa jina la hisia kwa kutumia uso peke yake kwa mtu isiyemjua. Waambie pia hamtakuwa wa kwanza. Kampuni ya HireVue iliyokuwa inauza programu ya kuchambua nyuso kwenye usaili wa video ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeacha kuchambua nyuso, Microsoft 2022 ikatangaza kuondoa huduma yake ya kutambua hisia kwenye picha za nyuso, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili bandia ya 2024 imepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini na mashuleni isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama, marufuku hiyo imeanza kufanya kazi Februari 2025.

Na kabla ya kikao muulize muuzaji maswali haya kwa maandishi. Usahihi mnaoutaja mliupima dhidi ya nini, dhidi ya alichosema mtu mwenyewe kuhusu hisia zake au dhidi ya jina ambalo mtu mwingine aliyeajiriwa aliipa picha? Manake kama ni hilo la pili, kompyuta imefundishwa kukubaliana na mimi siku ile ya dada wa dakika saba, na itakubaliana nami kwa asilimia 95 na sote wawili tutakuwa tumekosea. Picha zilikuwa za waigizaji au za watu kwenye maisha yao? Mwombaji mwenye ulemavu wa misuli ya uso au aliyewahi kupata kiharusi anapewa maksi gani? Na aliyekosa kazi kwa sababu ya maksi hizo anaruhusiwa kuziona na kusema hapana, nilikuwa najitahidi kusikia swali?

Wakikujibu yaweke hapa tuyasome pamoja.