Maji miguuni mwa Land Rover

SWALI: Ndugu mhariri, nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978. Tangu mvua zianze, maji yanatuama miguuni kwa dereva na kwa abiria. Fundi amepaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele mara mbili, lakini ikinyesha usiku, asubuhi nakuta dimbwi. Nifanyeje? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Kioo huenda hakina kosa. Kwenye gari hili maji ya miguuni hupenda kupitia njia mbili: vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo, na mpira mrefu uliolaliwa na fremu ya kioo juu ya ukuta wa chuma unaotenga injini. Silikoni ya pembeni mwa kioo haifiki huko kote.

Toa mikeka, kausha sakafu, kisha paka ukuta wa ndani poda ya mtoto. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira wa bustani, bila presha. Anzeni chini mkipanda juu: vifuniko kwanza, kisha mpira wa fremu, mwisho kioo na paa, dakika tano kila sehemu. Mkianzia juu, maji yatateremka yalowanishe kila kitu na hamtajua yaliingilia wapi. Kwenye poda mchirizi utajichora wenyewe.

Vifuniko vipimeni kwa karatasi: funga kifuniko juu yake, vuta. Ikitoka bila kung'ang'ania, mpira umekufa. Bandua wote, sugua gundi ya zamani, bandika sponji ngumu isiyonyonya maji. Sponji ya godoro ni kosa tunaloliona sana. Inanyonya maji, inayashikilia juu ya chuma, na mwaka ujao utakuwa unachomelea. Gundi ya viatu inafaa, ila paka pande zote mbili na usubiri mpaka isinate kidoleni. Kwa baridi ya kwenu Rungwe fanya kazi hiyo mchana.

Mpira wa fremu una kazi zaidi. Fungua bolti zinazoshika paa kwenye fremu, legeza zile za pembeni zinazoibana fremu chini, inua kidogo, utoe mpira wa zamani. Spana ziwe za inchi; za milimita zitakula vichwa vya bolti. Kabla ya mpira mpya kwangua kutu, paka praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), iache ikauke kabisa. Rudisha bolti zote kwa mkono kwanza, kaza za chini kidogo kidogo kulia na kushoto, za paa mwisho. Ukimaliza upande mmoja kwanza, fremu inakaa mshazari na kona ya pili inabaki wazi.

Ile silikoni iondoe yote. Inayonuka siki ikikauka hutoa asidi inayochochea kutu. Tena kagua sakafu: ukuta ule ni chuma, mabati mengi ya bodi ni alumini, na vikigusana penye unyevu alumini huliwa, ikiacha unga mweupe.

SWALI: Volkswagen Beetle yangu inanuka uvundo chini ya kiti cha nyuma. – Msomaji, Mafinga

JIBU: Inua kiti. Betri iko hapo upande wa kulia. Hakikisha ina kifuniko, maana springi za kiti zikigusa vichwa vyake zinaweza kuwasha moto. Maji yanayoleta uvundo huo kwa kawaida hutoka kwenye mpira wa kioo cha nyuma uliokakamaa. Badilisha mpira mzima. Uvishe kwenye kioo, zungushia kamba ya nailoni kwenye mfereji wake wa nje, paka maji ya sabuni. Mmoja asukume kioo kutoka nje, mwingine avute kamba akiwa ndani. Zibua pia vitundu vilivyo chini ya milango kwa waya.