Sindano ya simu yasema ilimba ya babu imekosea

MUZIKI DARASANI: MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha muziki katika sekondari moja mkoani Dodoma, mwaka wa 22 sasa, kwa ubao, kinanda kimoja na solfa. Mwaka huu mkuu wa shule ametaka kila mwalimu atumie TEHAMA walau kipindi kimoja kwa wiki. Ninacho kishikwambi, kimoja kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha tukagawiwa walimu, na shule ina projekta moja tunayogombania. Kipindi cha kwanza niliandaa video ya YouTube. Mtandao ukakata, watoto 54 wakabaki kutazama kiduara kinachozunguka. Kipindi cha pili nikapakua kwenye simu programu ya kutyuni gitaa, yenye sindano inayokaa katikati sauti ikiwa sawa. Kijana mmoja alikuja na ilimba ya babu yake, ile ala ya Kigogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, tukaipima mbele ya darasa. Karibu kila chuma alichogusa, sindano ilikwenda pembeni na kuwaka nyekundu. Darasa likacheka. Yule kijana akairudisha ilimba kwenye mfuko na hajaileta tena. Nianzie wapi na vyombo hivi? Na ile ilimba, ni kweli imekosea?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu kuna mtoto anasubiri jibu lake.

Ilimba haijakosea. Programu uliyoipakua inajua jambo moja tu: oktavu, yaani umbali wa kutoka do hadi do ya juu yake, imegawanywa hatua 12 zilizo sawasawa, na kila hatua ina senti 100, ambazo ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili. Huo ndio mpangilio wa kinanda na wa gitaa, na sindano hurudi katikati pale tu sauti inapoangukia kwenye moja ya hatua hizo. Wagogo hawakujenga muziki wao juu ya ngazi hiyo. Wameujenga juu ya sauti asilia, zile zinazotoka zenyewe ndani ya uzi mmoja au koo moja. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Juu ya ile nene kuna nyingine yenye mtetemo mara mbili, nyingine mara tatu, mara nne, na kuendelea. Ya tano katika safu hiyo iko chini ya ile ya kinanda kwa senti kama 14. Ya saba iko chini kwa senti kama 31, karibu theluthi ya hatua nzima. Mzee aliyeitengeneza ilimba yake akifuata sauti hizo, simu itasema ameshuka. Kwa sikio lililokulia Ugogoni, kinanda ndicho kilichopanda.

Kwa hiyo kabla ya chombo chochote kipya, rudi mbele ya darasa lilelile na useme: nilipima kwa kipimo kisichohusika. Sema waziwazi, watoto wote 54 wasikie. Kisha muombe kijana ailete tena ilimba, na kama babu yupo karibu na ana nafasi, aje mwenyewe.

Siku hiyo fungua kwenye kishikwambi ukurasa unaoitwa Chrome Music Lab. Google waliuweka mwaka 2016, ni bure, na hauhitaji kujisajili wala kuandika jina la mtoto yeyote. Ndani yake kuna vyumba vingi. Wewe ingia Spectrogram, uruhusu maikrofoni ya kishikwambi, basi. Picha inatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sauti nene zinachora chini, nyembamba zinachora juu, na kila penye nguvu panang'aa zaidi.

Mwambie mtoto mmoja aimbe “uuu”, kisha “aaa” kwa sauti ileile. Wataona mistari ikipandana kama ngazi, na kwenye “aaa” mistari ya juu inazidi. Hapo ndipo zile sauti asilia nilizotaja zinapoonekana kwa macho. Halafu ipigwe ilimba, chuma kimoja kimoja, taratibu. Itazameni vizuri sehemu ya juu ya picha. Ilimba ya Kigogo ina matundu yaliyofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mvumo wake. Mvumo huo utajaza sehemu ya juu kama vumbi. Nilipoifanya kazi hii mara ya kwanza, binti mmoja wa kidato cha pili alisogeza uso hadi karibu na kioo akasema, “Kumbe ule mkwaruzo mzee anautaka!” Nilikuwa nimeeleza jambo hilo kwa chaki miaka mingi na hakuna aliyewahi kulisema kwa furaha ile.

Sasa, pa kuanzia. Chukua chombo kimoja, kazi moja, mwezi mzima. Mimi nilianza kujifunza haya shule zilipofungwa kwa korona, Machi 2020, nikifundishwa na binti wa dada yangu, na kosa langu kubwa lilikuwa kukusanya programu kumi na moja ndani ya wiki mbili. Sikujua hata moja sawasawa.

Nakushauri uanze na chumba kingine cha ukurasa uleule, kinachoitwa Song Maker. Ni jedwali la viboksi. Ukigusa kiboksi kinajaa rangi na sauti inatoka. Kadiri unavyopanda, sauti inapanda, na kadiri unavyokwenda kulia, wakati unasonga. Chini kabisa kuna safu mbili za ngoma. Kikifunguliwa, kila pigo limegawanywa mara mbili, na hapo ndipo walimu wengi wa kwetu wanakata tamaa, wanasema chombo hiki ni cha nyimbo za Kizungu. Ingia kwenye mipangilio, weka mapigo mawili kwa kila kipimo na kila pigo uligawe mara tatu. Sasa una viboksi sita. Kwenye safu ya juu ya ngoma jaza cha 1, cha 3 na cha 5. Kwenye safu ya chini jaza cha 1 na cha 4. Punguza mwendo, bonyeza kucheza. Hiyo ni tatu dhidi ya mbili, ambayo watoto wako wanaicheza kwa miguu tangu hawajaanza shule, ila hawajawahi kuiona imeandikwa.

Lakini wapige kwanza kwa mikono. Mkono wa kulia kwenye dawati mara tatu, wa kushoto mara mbili, ndani ya muda mmoja. Wakishaipata mwilini ndipo wakaitafute kwenye viboksi. Ukigeuza utaratibu, watafuata kioo badala ya kufuata wenzao, na mdundo utakuwa mkavu. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona mara nyingi mno: darasa lililojifunza mdundo kutoka kwenye kioo linaharakisha mara kioo kinapozimwa.

Una kishikwambi kimoja na watoto 54. Gawa makundi sita ya watoto tisa. Kundi moja likae na kishikwambi dakika tano, mengine matano yapige mdundo wao na kuuandika kwenye daftari kwa viboksi vya kuchora kwa rula. Kundi likimaliza, kazi yao huhifadhiwa kama linki. Inakili mahali pamoja ukiandika jina la kundi, si majina ya watoto. Projekta waachie wenzako wa jiografia. Unachohitaji wewe ni spika moja ndogo yenye waya, maana spika ya kishikwambi haitoi besi, na darasa lisiloisikia besi haliwezi kuimba nayo.

Kuhusu video, usitegemee mtandao wa saa nne asubuhi. Ufungue ukurasa ofisini kabla ya kengele, na uhakikishe bando halijaisha. Kama unataka kuwasikilizisha wimbo, uwe umeshaurekodi au kuupakua. YouTube ikikubali, ina kitu kimoja kizuri ambacho walimu wengi hawakijui: unaweza kupunguza mwendo hadi nusu bila sauti kushuka. Mpiga marimba anayekwenda mbio, mikono yake inaonekana, na wimbo unabaki kwenye ufunguo wake.

Kile kiduara kinachozunguka usikionee aibu. Siku kikizunguka, zima, waambie wasimame, wapige makofi.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwalimu wa kwaya Moshi na natunga. Nyimbo zangu zote, zaidi ya 80, nimeziandika kwa Finale, ile programu ya kuandika nota kwenye kompyuta. Nasikia imekufa. Je, nyimbo zangu zimepotea?

JIBU: Milele, amina. Hazijapotea, lakini usikae nazo hivyo.

Waliotengeneza Finale walitangaza Agosti 2024 kwamba hawataiendeleza tena, baada ya miaka 35 na zaidi. Iliyomo kwenye kompyuta yako itafanya kazi maadamu kompyuta yenyewe inaikubali. Siku ukibadilisha kompyuta ndipo penye hatari. Basi kaa jioni mbili tatu, fungua wimbo mmoja mmoja, na uutoe katika muundo unaoitwa MusicXML. Huo ni muundo ambao programu nyingi za nota zinausoma. Weka nakala kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani kwa mtu mwingine.

Kisha pakua MuseScore, ambayo ni bure, kutoka musescore.org. Angalia usije ukaingia kwenye tovuti yao nyingine ya kushirikishana nota, ile inayotaka ulipie kwa mwezi. Programu yenyewe hailipiwi. Toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, linahitaji kompyuta yenye nguvu kidogo. Kama yako ni ya zamani, toleo la 3 linatosha kabisa kwa soprano, alto, tenori na besi.

Wimbo ukishafunguka kule, usiuamini hadi uukague. Nota huvuka salama. Kinachohama ni maneno: silabi inaruka nota moja, na kuanzia hapo ubeti mzima unakwenda kombo. Alama za kuimba taratibu au kwa nguvu nazo hukaa pasipo pake. Chapisha, uimbe mwenyewe kila sauti ukiwa na kalamu nyekundu.

Na niseme jambo ambalo hukuniuliza. Nimeona tungo nyingi za miaka ya karibuni ambazo kompyuta inaziimba vizuri na kwaya inashindwa. Soprano anapewa vipimo vinane bila pa kupumulia, besi anashushwa hadi sauti zinazotoka kwa wanaume wawili tu parokia nzima. Kompyuta haina mapafu, na ndiyo maana hailalamiki. Ukimaliza kutunga, zima ile sauti ya mashine, waite watu wanne sebuleni, waimbe.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nafundisha udi, ile ala ya nyuzi, hapa Unguja. Nina mwanafunzi, ni mtoto wa binamu yangu, anaishi Maskati. Tunasoma kwa simu ya video. Tukipiga pamoja tunapishana kila mara, na udi wake unasikika kama umetiwa ndani ya mtungi. Kosa ni langu au lake?

JIBU: Waalaykum salaam. Si lako wala lake.

Mkikaa baraza moja, sauti inakufikia papo hapo, kwani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye simu ya video lazima ifungashwe, isafiri, ifunguliwe. Tuseme inachelewa robo sekunde kwenda na robo kurudi. Kwa wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, hilo ni pigo zima. Wewe utamsikia kachelewa, yeye atajitahidi kukufuata, nawe utapunguza mwendo kumsubiri, mpaka wimbo usimame. Msipige pamoja kwenye simu. Piga wewe kifungu, yeye anyamaze. Apige yeye, wewe nyamaza. Kama mnataka ladha ya kupiga wawili, rekodi sehemu yako kabla, mtumie, apige juu yake kwao, akurudishie.

Ule mtungi unatokana na programu yenyewe. Imetengenezwa kwa mazungumzo, kwa hiyo kila kisichofanana na maneno ya mtu inakiona kelele na kukikandamiza. Uzi wa udi unapofifia polepole, programu inadhani ni feni. Kama mnatumia Zoom, ndani ya mipangilio ya sauti kuna sehemu ya kuiacha sauti ilivyo, iliyowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Iwashwe upande wake, maana udi unaosikia umeharibika ni wake. Awe na spika za masikioni, la sivyo sauti yako itarudi kwako kama mwangwi.

Rekodi za WhatsApp zitumeni kama faili la hati, msizitume kama ujumbe wa sauti, ambao hubanwa na kupoteza mwisho wa kila uzi. Kwa mwanafunzi wa udi hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu maqamu nyingine, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya vifunguo viwili vya kinanda, na hizo hujifunzwa kwa kusikia zikifa polepole.

Tena mwambie asitie nyuzi sawa kwa kutazama simu. Mrekodie nyuzi zako wazi, mmoja mmoja, kila mmoja kwa muda mrefu, faili moja la dakika mbili. Kila kabla ya somo alisikilize na afananishe udi wake nalo. Baada ya wiki tatu, mwambie afananishe kwanza bila kulisikiliza, kisha ndipo alifungue.