Kwa nini dawa haikai kwenye jani la kabichi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima maharage na kabichi hapa Lushoto. Nikipulizia maharage, dawa inalowesha majani vizuri. Nikihamia kwenye kabichi na bomba lilelile, matone yanabiringika hadi chini. Jirani ananiambia nitie sabuni ya unga. Ni sawa?

JIBU: Nzuri, ndugu mkulima. Kinachokusumbua ni nta, ule unga mweupe juu ya kabichi unaofutika kwa kidole. Dondoshea jani tone la maji, uliangalie kwa ubavuni. Limevimba kama gololi, na chini yake panang'aa rangi ya fedha. Mng'ao huo ni hewa: tone limekalia ncha za chembe za nta, jani lenyewe halijaligusa. Sasa futa nta hapo pembeni, uweke tone jingine. Hilo litatandaa na kung'ang'ania.

Tone kwenye mteremko hushikiliwa na ukingo wake, pale maji, hewa na jani vinapokutana. Kipenyo kikipungua nusu, ukingo nao unapungua nusu, ila uzito unabaki sehemu moja tu ya nane. Ndiyo maana tone dogo hukaa hata kwenye jani lililosimama wima, na kubwa huporomoka. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria sabuni, kagua nozeli, kile kichwa cha bomba kinachotoa dawa. Tundu lililolika hutoa matone makubwa, na mengine hudunda yakigonga jani. Halafu acha ile tabia ya kupulizia mpaka majani yachuruzike (wengi wetu tunaona ndiyo kazi nzuri). Matone yakiungana yanapata uzito wa kuondoka, dawa inaishia ardhini.

Jirani yako hajakosea kabisa. Mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoyafanya yajikusanye kuwa tone, ni kama milinyutoni 72 kwa mita; sabuni huushusha hadi karibu 30, na tone hulala. Lakini sabuni ya unga ina magadi, ambayo huvunja nguvu ya baadhi ya viuatilifu na huweza kuunguza majani. Nunua stika kwenye duka la pembejeo, ile ya kuchanganya na dawa ili ishike jani, na usipite kipimo cha kwenye lebo. Ukizidisha, maji yatatandaa mno na kuchuruzika vilevile. Itie mwisho, bomba likikaribia kujaa, la sivyo utapambana na povu.